Vitabu vya wasifu kwa wanajeshi wastaafu: tathmini ya huduma za uchapaji Dar es Salaam

Mzee aliyekuwa mstari wa mbele Kagera, akasomesha watoto kwa mshahara wa askari, kisha akastaafu na kuitumikia kamati ya shule ya mtaani kwake hadi miguu ilipokataa, anastahili kitabu cha wasifu kinachomzungumzia yeye. Hicho ndicho kipimo tulichotumia kupima huduma za kuandaa na kuchapa vitabu vya wasifu jijini. Mashine nzuri zipo, karatasi nzuri zipo. Adimu ni duka linalouliza maswali kabla ya kufungua kompyuta. Sehemu nyingi unapokewa na templeti iliyokwisha kutengenezwa, yenye mawingu, njiwa na mshumaa. Unapachika jina, tarehe mbili na picha, unaambiwa urudi saa kumi jioni. Kwa mwanajeshi mstaafu, templeti hiyo ndiyo chimbuko la karibu makosa yote yatakayotajwa hapa.

Maduka hatuyataji kwa majina, kwa sababu ubora unamtegemea dizaina aliye zamu kuliko kibao kilicho nje. Tunataja aina za huduma, zinapofaa, zinapokwama, na namna ya kuzipima ukiwa umesimama kaunta.

Wapi upeleke kazi

Steshenari ndogo zilizo jirani na hospitali na ofisi za kata zinafaa kwa ratiba ya kurasa 4, yaani karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, na kwa fotokopi za kibali cha mazishi. Printa zao nyingi ni za wino wa maji. Msibani Dar jasho halikosekani, na kidole chenye jasho kikigusa picha, rangi inahamia kidoleni. Usizipe wasifu kamili.

Maduka ya uchapaji wa dijitali ya Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta, Mwenge na Sinza ndiyo tunayoyapendekeza kwa nakala 50 hadi 400 hivi. Mashine zao hutumia wino wa unga unaoyeyushwa kwa joto, hivyo kurasa zinatoka zimekauka na unaweza kukunja na kupiga pini papo hapo. Udhaifu uko kwenye kava. Wino wa unga unakaa juu ya karatasi, hauzami ndani yake. Kava ya gramu 250 au 300 (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba) ikikunjwa bila kupigwa kwanza mstari wa mkunjo, wino unapasuka na mgongo wa kitabu unabaki na ufa mweupe. Kava ya kijani kilichokolea au nyeusi, ambazo ndizo familia za wanajeshi huzipenda, ndizo zinazoumbuka zaidi. Uliza kama wana mashine ya kupiga mkunjo. Wakijibu kwamba wanakunja kwa rula, shuka hadi gramu 200, au acha sehemu ya mgongo iwe na rangi nyepesi.

Viwanda vya ofseti, vile vya Chang'ombe na kando ya Barabara ya Nyerere, vinatoa picha bora kuliko wote, na bei ya kila nakala inashuka kadiri idadi inavyopanda. Sababu ni pleti, yaani mabamba ya kuchapia: zinatengenezwa mara moja, moja kwa kila rangi kati ya rangi nne, na unazilipia zote hata kama umechapa nakala 100 tu. Tatizo ni muda. Wino wa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa hautaki haraka. Kurasa zikikunjwa kabla hazijakauka, uso wa marehemu unajichapa hafifu kwenye ukurasa unaotazamana nao. Kwa msiba wa siku tatu, ofseti ni kamari. Kwa kumbukizi ya mwaka, au kitabu cha ukoo cha nakala 500 na kuendelea, nenda ofseti bila kusita.

Familia za Kiislamu zina mpangilio wao. Mazishi hufanyika siku hiyo hiyo au inayofuata, kwa hiyo kitabu hakiwahi, na wengi wala hawakitaki makaburini. Wakihitaji historia iliyoandikwa, wakati wake ni arobaini au dua ya kumbukumbu, na hapo muda wa kufanya kazi nzuri upo. Dizaina anayejua kazi atauliza hili kabla ya kuchagua pambo lolote. Ni swali dogo, lakini ukiona halikuulizwa, ujue na mengine hayataulizwa.

Hesabu ya kurasa, na ugomvi wa "karatasi" na "upande"

Kitabu cha A5 kinachofungwa kwa pini hujengwa kwa kurasa zinazogawanyika kwa 4. Ukitaka kurasa 14, utapewa 16 zenye mbili tupu. Kwa mzee mwenye historia ndefu tunashauri 16 moja kwa moja: kava kurasa 4, ratiba 2, wasifu 4, picha 4, shukrani pamoja na nyimbo au sala 2. Hiyo ni karatasi 4 za A4 kwa kila kitabu, yaani karatasi 800 kwa nakala 200: nzito 200 za kava na 600 za ndani. Mwambie mchapaji aongeze karatasi 30 hivi za kuharibika, kwa sababu zitaharibika.

Sasa angalia bei. Duka moja linatoza kwa karatasi, jingine kwa upande. Kitabu hicho hicho ni karatasi 4 lakini pande 8. Mjomba aliyetumwa kuulizia akirudi na bei ya "karatasi" kumbe alitajiwa ya upande, kamati inajikuta inadaiwa mara mbili ya ilichochangisha, na huwa ni usiku wa kuamkia kuaga. Omba bei ya kitabu kimoja kilichokamilika, kimekunjwa, kimepigwa pini na kukatwa kingo, iandikwe kwenye ankara pamoja na uzito wa karatasi. Duka lisilotaka kuandika uzito wa karatasi likwepe.

Ndani tumia gramu 115 au 130 isiyong'aa. Kitabu kitasomwa chini ya turubai mchana, na karatasi ya kung'aa inarudisha mwanga machoni mwa wazee ambao ndio wasomaji wake wakuu. Fonti isipungue pointi 12. 13 ni bora. Kwa ukubwa huo ukurasa wa A5 unabeba maneno 250 hivi, hivyo wasifu wa kurasa 4 wenye picha ndogo mbili unaishia kwenye maneno 850. Ukisomwa kwa sauti ya taratibu ni dakika 7 hadi 8, muda ambao waombolezaji wanaweza kusikiliza bila kuanza kunong'onezana.

Picha ya ujanani

Karibu kila mwanajeshi mstaafu ana picha moja ya miaka ya 1970, nyeusi na nyeupe, saizi ya paspoti au kubwa kidogo, yenye mikunjo. Ndiyo picha ambayo familia huitaka kwenye kava, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kosa la kwanza ni kuipiga kwa simu ikiwa mezani: mwanga wa taa unaacha doa jeupe juu ya paji la uso, na simu ikiinama kidogo mabega yanapinda. Iskaniwe. Kanuni ya kuskani ni rahisi: 300 dpi (nukta kwa kila inchi) mara kiasi cha kukuza. Picha ya upana wa sentimita 4 inayotakiwa kuchapwa kwa sentimita 12 imekuzwa mara 3, basi iskaniwe kwa 900 dpi. Mwenye duka akikuambia 300 inatosha kwa kila picha, mwambie afanye hesabu hiyo mbele yako.

Kosa la pili ni kutumiana picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu inaibana picha, na kinachobaki kinatosha kona ya ukurasa, hakitoshi kava, na bango ndiyo kabisa. Itume kama dokyumenti, au ibebe kwenye flashi.

La tatu ni jipya na linaenea: programu za akili mnemba za "kufufua" picha za zamani. Zinalainisha ngozi, zinang'arisha macho, na zinabuni kile zisichokiona. Beji ya kofia inageuka ua, utepe wa medali unapata rangi ambazo hazipo, jina la kifuani linakuwa herufi zisizosomeka. Wajukuu watafurahi, lakini mjane aliyeishi na uso ule miaka 45 ataona mtu mwingine. Kubali kuondolewa mikunjo na madoa tu, kwa mkono, na ulinganishe na picha ya asili kabla ya kuidhinisha. Kuitia rangi kombati ya picha nyeusi na nyeupe tunashauri msikubali kabisa.

Upande wa jeshi

Hapa ndipo huduma nyingi zinapoanguka, na familia nazo huchangia, maana watoto wengi wanajua "baba alikuwa jeshini" na hawana zaidi. Anza na hati: ya kustaafu, vyeti vya kozi, hati za medali. Dukani peleka fotokopi. Asili zisiachwe kaunta hata kwa saa moja, kwa sababu zitahitajika kwenye mirathi na mafao.

Cheo kiandikwe kama kilivyo kwenye hati. Koplo Usu si Koplo, Luteni Usu si Luteni, na Afisa Mteule Daraja la Kwanza ni cheo kinachojitegemea. Dizaina akikiona ni kirefu hukikata na kubakiza "Afisa", na maana inabadilika kabisa. "Afande" ni neno la kuitana, halina nafasi kwenye kava. "Mstaafu" hufuata cheo: Sajenti Mstaafu, Kapteni Mstaafu. Kikosi kiandikwe kwa namba yake na mahali, kwa mfano 832 KJ Ruvu. KJ ni Kikosi cha Jeshi, na kompyuta au dizaina asiyejua huiona kama kosa la kuchapa na kuifuta.

Kisha tarehe. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Tanganyika Rifles kuvunjwa kufuatia maasi ya Januari mwaka huo. Kitabu kinachosema marehemu "alijiunga na JWTZ mwaka 1962" kimekosea: mwaka huo alijiunga na Tanganyika Rifles, na kama ni kabla ya uhuru wa Desemba 1961, alijiunga na King's African Rifles. Sentensi sahihi ina hatua mbili, alikoanzia na alivyoingia JWTZ. Ukikuta nyuma ya picha pameandikwa Colito, hiyo ni kambi ya hapa hapa Dar es Salaam, ambayo sasa ni Lugalo. Wapo waliotafuta Colito kwenye ramani za nje.

Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita Novemba 2. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, mapigano ya Lukaya yakawa Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na vita ikaisha mwanzoni mwa Juni. Mpangilio huu ni wa kuhakikia simulizi za mzee: kama alisema alijeruhiwa Lukaya, kitabu kisiweke jeraha hilo kabla ya Masaka. Familia nyingine huandika "vita vya Kagera 1978 hadi 1981". Mara nyingi mzee hakukosea. Vikosi vyetu vilibaki Uganda kulinda usalama baada ya vita. Tenganisha basi: alipigana hadi 1979, kisha akabaki Uganda hadi mwaka fulani.

Na si kila aliyepigana alikuwa JWTZ. Mgambo, JKT, Polisi na Magereza walikwenda pia. Mzee wa mgambo aliyeacha jembe lake akaenda Kagera akiandikwa kwamba alikuwa askari wa JWTZ, anaporwa sehemu nzuri kabisa ya historia yake, ile ya kwenda akiwa raia. Tunalisisitiza hili kwa sababu templeti ya "mwanajeshi" huja na JWTZ imeshaandikwa, na hakuna anayekumbuka kuifuta.

Mapambo nayo yanataka jicho. Ukiletewa kava yenye Sanamu ya Askari, ile ya makutano ya Samora na Azikiwe, ikataliwe kwa mpiganaji wa Kagera. Sanamu hiyo iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kama lazima pawe na mnara, uko wa Mashujaa pale Mnazi Mmoja. Bendera ya Taifa ikitumika, pembetatu ya kijani iwe juu upande wa mlingoti, ya buluu iwe chini upande wa pili, na mstari mweusi wenye kingo za njano uwe unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Dizaina akiigeuza picha ili imtazame marehemu, bendera inakuwa kioo na mstari unashuka badala ya kupanda. Na maandishi yasipite juu yake.

Maduka mengine huuza fulana za kamati na vitambaa vya meza vya mabaka mabaka kwa misiba ya wanajeshi. Msinunue. Raia hawaruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na mwaka 2023 JWTZ lilitangaza wazi kwamba walio nayo wayasalimishe. Fulana nyeupe yenye picha ya mzee inatosha, na wenzake waliotoka kambini hawatakereka.

Kuhusu ratiba, familia itoe taarifa mapema kikosini au kwenye ofisi ya jeshi iliyo karibu, na saa ya heshima za kijeshi isichapwe kabla afisa aliyepangiwa shughuli hajathibitisha. Acha mstari wa "heshima za mwisho" bila saa. Mshereheshaji ataitaja kwa mdomo.

Baada ya yote hayo, sehemu ya jeshi mpeni mstaafu mwenzake wa kikosi kile kile aisome. Nusu saa yake ina thamani kuliko mashine yoyote ya Kariakoo.

Familia na mtaa

Orodha ya watoto ndiyo chanzo cha malalamiko ya kudumu. Iandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia mbele ya haki wakiwemo, na watoto wa mama tofauti wasitengwe kwa maneno kama "wengineo". Mtoto aliyelelewa, wa ndugu au wa askari mwenzake aliyekufa, naye aandikwe; kwa wanajeshi hili ni la kawaida sana na mara nyingi ndilo linalosema mengi kuliko cheo. Anayekusanya majina awe mmoja, shangazi au kaka mkubwa, apige simu kwa kila tawi la ukoo aulize herufi. Ester na Esther, Mohamed na Muhammad: kila mtu ana jina lake kama lilivyo kwenye cheti.

Kisha utumishi wa mtaani, sehemu ambayo huduma zote tulizozipima ni dhaifu. Templeti huja na aya hii, au ndugu yake: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi na mpenda maendeleo, aliyeshirikiana na jamii kwa hali na mali." Aya hiyo inaweza kuwekwa kwenye kaburi lolote Kinondoni. Ilinganishe na aya ya namna hii, tuliyoiandika kuwa mfano: "Alipohamia Mbagala alichaguliwa mjumbe wa shina. Alikuwa na daftari la mistari lenye majina ya kaya zote, na pembeni ya kila jina aliandika nani mgonjwa, nani mjamzito, mtoto gani hajaanza shule. Mvua za masika zilipokaribia aliwatoa vijana Jumamosi asubuhi kuzibua mtaro, yeye akiwa wa kwanza na koleo. Kwenye kamati ya shule alikataa darasa la tatu lipauliwe kabla lenta haijakauka, na fundi akalazimika kusubiri." Hii ni ndefu zaidi, lakini ni ya mtu mmoja tu duniani.

Ili kuipata aya kama hiyo, maswali yawe ya vitu vinavyoonekana. Alikuwa na cheo gani mtaani: mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe wa baraza la kata, mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya msikiti? Kuanzia lini hadi lini? Kitu gani kipo leo ambacho kisingekuwepo? Aligombana na nani kuhusu mali ya umma, na ikaishaje? Nani alikuwa akimfuata usiku kumwamsha, na kwa shida gani? Majibu hayako kwa watoto, wengi wao wanaishi mbali. Yako kwa mwalimu mkuu mstaafu, kwa mama lishe wa kona, kwa katibu wa mtaa, kwa wale vijana wa ulinzi shirikishi. Saa mbili za kuzunguka mtaani na daftari zinatosha. Duka moja moja limeanza kutoa huduma ya mwandishi anayekuja msibani kuhoji. Kama ipo, ilipieni hata ikibidi kupunguza karatasi kutoka gramu 130 hadi 100. Mwandishi huyo mpimeni kwa swali lake la kwanza. Akianza na "marehemu alizaliwa lini", ni wa kawaida. Akiomba kuonana na majirani, mchukueni.

Msichape namba za simu, namba ya NIDA wala namba ya pensheni. Kitabu kinasambaa hadi kwa watu msiowajua, na matapeli wa wajane wapo.

Sampo, na anayesaini

Msiidhinishe kazi kwenye skrini ya simu. Dai sampo ya karatasi, iliyokunjwa na kupigwa pini, kutoka mashine ile ile itakayochapa zote. Kwenye skrini kijani ni kijani. Kwenye karatasi kombati inaweza kutoka ya kahawia, na hilo hurekebishwa kabla, si baada. Kwenye sampo angalia mambo ambayo macho huyaruka: mstari wa chini wa kila ukurasa, ambako mara nyingine hubaki jina la marehemu wa wiki iliyopita, maneno "mama yetu" yaliyosahaulika kwenye kitabu cha baba, siku na tarehe kama zinalingana, umri kama unalingana na mwaka wa kuzaliwa. Mhesabu mmoja atoe miaka kwa kalamu. Maandishi yawe angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia, na picha za kujaza ukurasa zizidi nje milimita 3, la sivyo utapata uzi mweupe pembeni.

Anayesaini sampo awe mmoja, na jina lake lijulikane kwa kamati na kwa duka. Mabadiliko yanayopigiwa simu na shemeji watatu tofauti baada ya saini ndiyo yanayozaa kitabu chenye wake wawili kwenye ukurasa wa 5 na mmoja kwenye ukurasa wa 12.

Bango la mita 1 kwa 2 linahitaji picha yenye upana wa pikseli 2,800 au zaidi. Chini ya hapo uso unakuwa vigae. Fremu ya picha inayowekwa kwenye jeneza iwe na akriliki badala ya kioo, hasa kama mwili unasafirishwa.

Kupokea, kusafirisha, kulipa

Lipa nusu mwanzoni na nusu baada ya kuhesabu, na udai risiti ya EFD, kamati itaihitaji kwenye mahesabu ya michango. Uliza kama duka lina jenereta, kwa sababu umeme ukikatika saa nane mchana kazi ya nakala 200 inasimama nusu. Boksi likifunguliwa, toa nakala 10 za katikati ya rundo, si za juu, ukague pini na mpangilio wa kurasa.

Kama kuaga ni Dar na kuzika ni Bukoba, Musoma au Songea, nakala za kijijini zifungwe boksi lake tangu dukani na zipakiwe kwenye gari la mwili mapema. Zikiachwa pamoja na za Dar zitagawiwa zote hapa, na kule alikozaliwa watabaki kusikiliza tu. Bodaboda ya kutoka Kariakoo kwenda Mbezi au Mbagala ni sawa kwa boksi moja, lakini kila boksi liingizwe kwenye nailoni na kufungwa, hata kama asubuhi hakuna wingu.

Kabla ya kumaliza malipo, chukua mafaili mawili kwenye flashi yenu: la PDF lililochapwa na lile la kuhariri, pamoja na picha zote zilizoskaniwa. Kwenye kumbukizi ya mwaka mtahitaji kubadili kurasa mbili tatu tu, na duka likishabadilisha kompyuta au dizaina akihama, mtaanza upya kuitafuta ile picha ya paspoti. Nakala 3 za kitabu ziwekwe kando kwa ajili ya kikosi chake cha mwisho, shule ya mtaa na ofisi ya serikali ya mtaa, na ziandikwe jina la mpokeaji kwa kalamu kabla boksi halijafika msibani.